Temple of Shadows ya Angra: usiishie nusu ya kwanza

Ukitaka kuwagombanisha mashabiki wa Angra, waulize nani mwimbaji bora kati ya Andre Matos, aliyetangulia, na Edu Falaschi, aliyemrithi. Hapo hapatoki mshindi. Lakini itaje Temple of Shadows, albamu ya mwaka 2004 iliyoimbwa na Falaschi, na hata wale wa upande wa Matos watakiri, kwa shingo upande, kwamba bendi hiyo ya Brazil ilifanya kazi nzito. Mimi pia naisifu, ila naona wengi wetu tunasifu sehemu ambayo si yenyewe.

Kinachosifiwa sana ni nusu ya kwanza. Baada ya utangulizi mfupi inaingia Spread Your Fire: dramu za Aquiles Priester zinamiminika, kwaya inapanda, na kiitikio kinakuganda kichwani kabla wimbo haujaisha. Mbele kidogo kuna The Temple of Hate, alimoshirikishwa Kai Hansen wa bendi ya Gamma Ray, mmoja wa waanzilishi wa bendi ya Helloween. Hiyo ni kasi tupu. Kama wewe ni mgeni wa pawa metali, yaani roki nzito ya kasi yenye viitikio vikubwa, utaipenda papo hapo. Kama ni mwenyeji utasema nyimbo za namna hii umeshazisikia kwingine, na sitakubishia.

Kwangu albamu inafunguka inapofika The Shadow Hunter. Unaanza kusikia magitaa makavu yasiyo na umeme, yamepigwa kwa mtindo wa flamenco, na unadhani utapewa wimbo wa mapumziko. Wapi! Umeme unaingia, mapigo yanabadilika, yanabadilika tena, na kwa zaidi ya dakika nane Kiko Loureiro na Rafael Bittencourt wanapokezana magitaa bila kukanyagana. Huyo Loureiro ndiye aliyekuja kujiunga na Megadeth, bendi ya metali ya Marekani, mwaka 2015, na akisikilizwa hapa mtu haulizi kwa nini walimchukua. Kinachonivutia zaidi si vidole vyake vyepesi, maana wenye vidole vyepesi ni wengi. Ni kwamba solo zake zina mahali zinapokwenda. Anaweza kushika noti moja na kuiacha ining'inie wakati besi ya Felipe Andreoli inazunguka chini yake.

Kisa chenyewe, alichokitunga Bittencourt, ni cha mpiganaji wa Vita vya Msalaba, karne ya 11, anayeanza kutilia shaka Kanisa analolipigania. Si lazima ukifuatilie neno kwa neno. Mimi mwenyewe maneno mengine nayaona yamejaa mno, kila ubeti unataka kubeba falsafa nzima. Lakini kisa kinasaidia kuelewa kwa nini muziki unapoa kadiri unavyosonga. Mwanzoni ni mtu mwenye hakika na jambo lake, na nyimbo zinakwenda mbio. Shaka ikishaingia, kasi inapungua, unasikia maombolezo ya No Pain for the Dead, aliyoimba Falaschi pamoja na Sabine Edelsbacher wa bendi ya Edenbridge, kisha Winds of Destination ambamo Hansi Kürsch wa bendi ya Blind Guardian anaongeza ule ukali wake wa koo. Wasikilizaji wanaolalamika kwamba albamu "inachoka" baada ya katikati wamesikia sawasawa, ila nadhani wamehukumu vibaya. Kupoa kule kumekusudiwa.

Na hapo ndipo inakuja Late Redemption. Falaschi anaimba kwa Kiingereza, na anayemjibu kwa Kireno ni Milton Nascimento, gwiji wa muziki wa Brazil ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuonekana kwenye albamu ya metali. Sikiliza anavyoingia. Hapandishi sauti, hashindani na mtu, wala haonyeshi kwamba anajua kuna bendi ya watu wenye kelele nyuma yake. Anaimba polepole kama mzee anayezungumza na mtu aliye kitandani. Baada ya saa nzima ya waimbaji kutunisha misuli, sauti moja iliyotulia inazidi zote. Wimbo huu sijawahi kuuruka.

Lawama ninazo pia. Falaschi akipanda juu sana anabanwa, hasa kwenye Spread Your Fire, na wanaosema Matos angepita pale bila jasho wana hoja. Ngoma ya mguu imesafishwa mpaka inagonga kikavu. Kwenye spika ndogo inafunika besi, na besi ya albamu hii ni hasara kuikosa. Tumia hedifoni nzuri.

Wishing Well ni tamu, basi. Gate XIII, inayofunga, ni okestra ikirudia tuni za nyimbo zilizopita. Mashabiki fulani huiita kilele. Mimi naona ni mapambo, hasa baada ya Nascimento, na mara nyingi huizima.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia uanze na The Shadow Hunter na usonge mbele kwa mpangilio mpaka Late Redemption. Ikikugusa, rudi mwanzo ukazisikilize zile za kasi. Isipokugusa, albamu hii si yako, na zile za kasi hazitakubadilisha mawazo.