Uzoefu wangu: kumlipa mwandishi wa tovuti na kurasa za mitandao kwa duka dogo la asali

Kama una duka dogo na unajiuliza iwapo inafaa kumlipa mtu akuandikie tovuti na kukuendeshea Instagram na WhatsApp, jibu langu ni inafaa, kwa sharti kwamba mtu huyo awasikilize wateja wako kwanza ndipo aandike. Nauza asali Sinza, Dar es Salaam. Inatoka Sikonge, mkoani Tabora, kwa wafugaji nyuki ambao familia yetu inajuana nao tangu zamani. Nimetumia huduma za aina mbili: kampuni ya matangazo ya hapa mjini, kisha dada mmoja mwandishi anayejitegemea. Majina yao nayaacha, maana ninachotaka msomaji akipate ni namna kazi yenyewe ilivyofanyika.

Kampuni ilikuja na kifurushi. Kila mwezi unapata idadi ya mabango, salamu za sikukuu, na posti chache za kulipia. Mabango yalikuwa mazuri kwa macho, rangi ya dhahabu, tone la asali likidondoka. Maneno yake yalikuwa Kiingereza kitupu kuhusu zawadi ya msituni na utamu wa asili. Wateja wangu ni akina mama wa Sinza, Kijitonyama na Mwenge, wauza juisi, na watu wa mikoani wanaoagiza kwa simu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za zawadi ya msituni. Laiki ziliongezeka, wafuasi wakaongezeka, simu ya duka ikabaki kimya kama mwanzo.

Maelezo ya bidhaa nayo yaliniudhi. Siku moja mteja alinitumia ukurasa wa duka jingine la asali, na maneno yalikuwa yale yale ya kwangu, aya kwa aya, jina la duka tu ndilo limebadilishwa. Halafu zikaja posti zinazodai asali yetu inatibu kisukari, vidonda vya tumbo na upungufu wa nguvu za kiume. Hizo nilizikataa palepale. Asali ni chakula, na tangu 2019 usalama wa chakula nchini uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), wakati dawa zinasimamiwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Ukishaandika kwamba chupa yako inatibu ugonjwa, umeitoa kwenye chakula na kuiingiza kwenye madai ya dawa, na mgonjwa wa kisukari atakayekuamini anaweza kuumia. Hilo kwangu si jambo la matangazo tena, ni la uhai wa mtu. Tulipoachana, ikabidi pia tuvutane kuhusu ukurasa wa Instagram, kwa kuwa waliufungua kwa barua pepe yao.

Huyu dada mwandishi nilielekezwa na jirani anayeuza mito na mashuka. Alipofika dukani nilitegemea aombe nembo na picha. Akasema, "Kaka, naomba simu ya duka na daftari." Akakaa na binti yetu wa mauzo, wakapitia mazungumzo ya WhatsApp ya nyuma, naye akawa anaandika kila swali na kuweka alama pale linaporudiwa. Aliondoka na kurasa zilizojaa maswali, bila kuandika tangazo hata moja.

Maswali yenyewe yalikuwa haya haya tunayoyajibu kila siku. Asali yenu ni orijino? Mbona imeganda, mmechanganya sukari? Ya nyuki wadogo ipo, na kwa nini ni ghali? Mnatuma Mwanza? Mtoto wa miezi sita anaweza kulambishwa? Nimeichovya kiberiti na hakikuwaka, ina maana ni feki?

Hilo la kiberiti nalieleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo nilipoelewa ninacholipia. Kila anayenunua asali Tanzania amesikia kwamba ukichovya njiti ya kiberiti kwenye asali halafu ukaiwasha, ikiwaka asali ni safi, isipowaka imechakachuliwa. Tumepoteza wateja kwa kipimo hicho. Mwandishi alinihoji mimi, kisha akampigia mfugaji wetu mmoja Sikonge, simu ikiwa kwenye spika: "Shikamoo mzee, naomba unieleze asali inavunwaje na inachujwaje." Akasoma na viwango. Alichoandika ni rahisi: kipimo cha kiberiti, kikipima chochote, kinapima unyevu. Kiwango cha kimataifa cha chakula kiitwacho Codex kwa kawaida kinataka asali isizidi asilimia 20 ya maji. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni nyepesi na ina uchachu kidogo, na maji yake mara nyingi yanapita kiwango hicho kwa mbali, kwa hiyo njiti inaweza kugoma hata kama imetoka mzingani asubuhi hiyo. Na mtu akichemsha sukari mpaka ikawa nzito, njiti inaweza kuwaka vizuri kabisa. Kwa hiyo kiberiti kinaweza kumhukumu mkweli na kumwachia tapeli.

Andiko hilo liliwekwa kwenye tovuti, likafupishwa kwa Instagram, likafupishwa tena kuwa jibu la haraka la WhatsApp. Sasa mteja akiuliza habari za kiberiti, binti wa mauzo anabonyeza mara moja na maelezo yanakwenda yakiwa kamili, kwa lugha ya heshima. Watu wengi walilisambaza kwenye magrupu yao, na wapo waliokuja dukani wakisema wametumiwa na shangazi au na mtu wa kwenye kikoba. Tangazo la kulipia halijawahi kutuletea mteja wa namna hiyo, ambaye amekwisha kutuamini kabla hajafika mlangoni.

La kuganda lilikwenda hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyegundua kwenye mazungumzo kwamba malalamiko ya asali kuganda yanatoka zaidi Mbeya, Njombe na Arusha, na yanaongezeka Juni na Julai. Ni baridi. Asali ina sukari mbili kuu, glukosi na fruktosi, na glukosi ndiyo inayojitenga na kuwa chembechembe, upesi zaidi penye ubaridi. Andiko lake likaeleza hivyo, kisha likaeleza la kufanya: loweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe, usiiweke kwenye friji. Tangu hapo kila mzigo unaokwenda mikoa ya baridi una kikaratasi chenye maneno hayo. Simu za hasira zimepungua mno.

Na la mtoto wa miezi sita. Hapa alisimama imara kuliko nilivyotarajia kwa mtu ninayemlipa aniuzie. Alisema ni lazima iandikwe, kwenye tovuti na kwenye lebo, kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha mwili, ambazo utumbo wa kichanga hauwezi kuzidhibiti. Kuna wateja tunaowakatalia kwa ajili hiyo. Nafurahi tunawakatalia.

Upande wa bei alikuwa mkali. Mtaani tumezoea kuandika "bei njoo inboksi". Yeye aliweka bei ya kila ujazo chini ya kila picha, pamoja na gharama ya bodaboda kwa maeneo ya karibu na utaratibu wa kutuma mikoani kwa basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Wanaouliza ili kupita tu walipungua, na anayeandika sasa anaandika kuagiza.

WhatsApp Business, ambayo ipo tangu 2018 na hailipiwi, tulikuwa nayo ila tuliitumia kama WhatsApp ya kawaida. Alijaza katalogi, saa za kazi, majibu ya haraka, na lebo za wateja: ameuliza bei, amelipa, wa jumla. Akatueleza pia kitu ambacho kampuni haikuwahi kukitaja: ujumbe wa kutuma kwa orodha (broadcast) unaishia watu 256 kwa orodha moja, na unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo maana matangazo yetu ya zamani yalikuwa yanaishia hewani. Siku hizi kila anayenunua tunamwomba ahifadhi namba, tukimwambia wazi kwamba tutamtaarifu mzigo mpya ukiingia na kwamba akitaka kutolewa aseme.

Duka pia liliwekwa kwenye ramani ya Google, bila malipo, kwa picha za mlango na za barabara ili bodaboda asipotee.

Tovuti yenyewe ni kurasa chache, nyepesi, kwa sababu wateja wetu wanaifungua kwa bando. Picha zimepunguzwa uzito. Jina la tovuti ni la .co.tz na limesajiliwa kwa jina langu, barua pepe yangu, namba yangu. Alilisisitiza hilo yeye mwenyewe kabla sijaliomba. Ukurasa wa Kiswahili na wa Kiingereza haufanani. Wa Kiingereza ameuandika kwa ajili ya hoteli na maduka yanayonunua jumla, umejaa ujazo, vifungashio, alama ya TBS na muda wa kupeleka mzigo. Wa Kiswahili unazungumza na mama wa nyumbani. Nilipenda pia alivyouliza kuhusu mizinga. Huko Tabora bado kuna mizinga ya magome, na ukibandua gome la mti mzima kuuzunguka unaua mti. Aliporidhika kwamba wafugaji wetu wanatumia mizinga ya magogo na ya kisasa, ndipo akaandika kuhusu misitu ya miombo na utunzaji wake. Angekuta vinginevyo asingeandika, na alinieleza hivyo usoni.

Matangazo ya kulipia anayatumia kidogo. Kampuni ilikuwa inalipia posti zipate laiki kutoka kokote. Yeye analenga watu walio umbali mfupi kutoka dukani, na anachagua aina ya tangazo linalomfungulia mtu WhatsApp moja kwa moja. Fedha ni kidogo, na tunaona nani ameuliza na nani amelipa, kwa zile lebo nilizozitaja. Ripoti yake ya mwezi ni ukurasa mmoja: maswali mapya yaliyojitokeza, waliouliza, walionunua, kilichosomwa zaidi. Laiki anaziweka mwisho kabisa.

Picha za mazungumzo ya wateja wanaotusifu alikataa kuzirusha bila idhini yao, na akiruhusiwa anafunika jina na namba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na maduka mengi bado yanabandika namba za wateja hadharani kana kwamba haipo. Kwangu hii peke yake inatosha kumheshimu.

Sasa mapungufu, maana yapo. Video hafanyi. Anaandika maelezo ya nini kirekodiwe, lakini kurekodi na kuhariri ni juu yako au umlipe mtu mwingine, na Instagram ya sasa inapenda video fupi. Kasi yake ni ndogo: andiko moja zuri linaweza kuchukua wiki nzima, na Ramadhani, ambapo asali inatoka sana, alikuwa na wateja wengi na posti zetu zikachelewa mpaka nikampigia. Bei yake kwetu ni shilingi 400,000 kwa mwezi, fedha za matangazo ziko pembeni. Kwa duka linaloanza hiyo ni kodi ya fremu sehemu nyingi, na matunda hayaonekani haraka. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti yoyote ya mauzo, wa pili kidogo. Anayetaka kelele za wiki mbili kwa ajili ya ofa atamwona hafai, na kwa kazi hiyo kampuni yenye mabango inaweza kumfaa zaidi.

Kwa wenye mtaji mdogo, anayo kazi ya mara moja, na kama ningekuwa naanza leo ningeanzia hapo. Anapitia mazungumzo yako ya WhatsApp, anaandika majibu ya haraka, anajaza katalogi, anaandika ukurasa mmoja wa maswali na majibu, kisha anamfundisha mtu wako wa dukani kuviongeza. Unalipa mara moja na unabaki na kila kitu mkononi mwako. Kabla hujasaini na yeyote, awe yeye au mwingine, hakikisha mkataba unataja kwa maandishi kwamba kurasa, neno la siri, jina la tovuti na maandiko yote ni mali ya duka, na kwamba hakuna posti inayotoka bila wewe kuisoma. Uliza pia kama ataongea na mzalishaji wako. Wetu bado anampigia yule mzee wa Sikonge kila msimu wa mavuno unapokaribia, na mwaka huu mzee ndiye aliyeanza kumtafuta, ana habari za mizinga mipya anayotaka ziandikwe.