Stepa tatu, nne au tano: draiva gani ununue ukishuka Luthuli

Wiki jana kijana mmoja wa chuo aliniletea mashine yake ya kuchora: stepa (mota zinazozunguka hatua kwa hatua) tatu za saizi ya NEMA 17, Arduino Uno ya kuziongoza, na draiva, yaani bodi za kuzigawia mota umeme, tatu za L298N alizouziwa mjini kwa maelezo kwamba kila moja inabeba ampea mbili. Muuzaji hakudanganya. Ila koili za mota zile zina ukinzani wa ohmu 1.5, naye amezipa volti 12. Gawanya uone: ampea 8. L298N haijui kuzuia mkondo, inafungulia tu kama bomba lililopasuka. Nilipogusa mota ya kwanza baada ya dakika mbili niliurudisha mkono mbio.

Kwa hiyo kabla hujapanda matatu kwenda Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, jua mambo mawili: mota ngapi zitatembea kwa pamoja, na kila moja inataka ampea ngapi. Mpangilio wangu ni huu.

Nambari 1: A4988 juu ya CNC Shield V3

Kwa mwenye NEMA 17 mbili hadi nne, kwa bei yake sijaona cha kuishinda. Bodi ya CNC Shield inakaa juu ya Uno kama kifuniko juu ya sufuria, na ina nafasi nne za draiva: X, Y, Z na A. Kila mota inakula pini mbili tu za Uno, moja ya hatua na nyingine ya mwelekeo. Draiva ikiungua unaing'oa, unachomeka nyingine, kazi inaendelea. Nunua moja ya akiba siku hiyo hiyo, nauli ya kurudi mjini inauma.

A4988 inakubali volti 8 hadi 35 upande wa mota. Bila kipoza joto inabeba karibu ampea 1. Ukiweka kipoza na feni, 2 ndiyo mwisho wake. Mimi sivuki 1.2.

Sasa, pesa zangu zimepotelea hapa. Kile kiskurubu kidogo cha juu ndicho kinachoweka kikomo cha mkondo, na unakipima kwa maltimita, ncha moja kwenye kiskurubu na nyingine kwenye gnd (upande hasi). Kanuni ni volti = 8 × ampea × ukinzani wa vile virezista viwili vidogo vilivyo pembeni mwa chipu. Vitazame kwa tochi ya simu palepale kaunta. Vikiwa na maandishi R100, ampea 1 ni volti 0.8. Vikiwa R050, ampea 1 ni volti 0.4. Mimi nilinakili 0.8 kutoka mradi wa zamani, nikaiweka kwenye draiva za R050, yaani nikaagiza ampea 2 bila kujua. Harufu iliyotoka, mpaka jirani alibisha mlango kuuliza nimeunguza nini. Draiva za mifuko miwili tofauti katika duka moja zinaweza kuwa na virezista tofauti, kwa hiyo usiniambie "ni zile zile".

Jambo jingine wasilokwambia ni kuhusu ile nafasi ya nne. GRBL, programu ya kuongoza mashine kama hizi, kwenye Uno inaendesha mihimili mitatu tu: X, Y na Z. Nafasi ya A hapo kazi yake ni kuiga X, Y au Z kwa kutumia jampa, kile kiunganishi kidogo cha kuchomeka. Ukitaka mota nne zenye kazi nne tofauti, andika programu yako mwenyewe kwa AccelStepper, maktaba ya Arduino ya kuendesha stepa, na uipe A pini 12 na 13. Ila AccelStepper kwenye Uno inafika hatua kama 4,000 kwa sekunde, basi. Ukiiambia draiva igawe kila hatua vipande 16, mzunguko mmoja wa mota ya hatua 200 unakuwa hatua 3,200, kwa hiyo mota moja inapata mzunguko mmoja na robo kwa sekunde, na zikiwa nyingi zinagawana. Gawa kwa 4, au hamia ESP32, bodi yenye kasi kuliko Uno. A4988 inasikia volti 3.3 za ESP32, mradi pini yake ya VDD nayo uipe 3.3, si 5.

Nambari 2: TMC2209

Hii inaingia kwenye tundu lile lile na inanyamazisha mota kabisa. Kama unaishi bedsitter ya Roysambu na mashine inafanya kazi usiku, utaipenda kuliko mimi. Kikomo chake ni volti 29, usiichomeke mahali palipokuwa na 36. Mota ikizunguka kinyume na ulivyozoea, draiva haijaharibika; geuza plagi ya mota, umeme ukiwa umezimwa. Iko nambari 2 kwa sababu ya bei tu.

Nambari 3: ULN2003 na 28BYJ-48

Kwa mapazia, saa, au kifaa cha kulisha kuku. Ni ya bei rahisi kuliko zote, na huuzwa pamoja na mota yake ndogo, hiyo 28BYJ-48. Lakini kila mota inakula pini nne, kwa hiyo tatu zinamaliza 12 za Uno. Kila moja pia inavuta kama miliampea 200, basi usizilishe kutoka pini ya volti 5 ya Uno. Nunua adapta yake.

Nambari 4: TB6600

Kisanduku kimoja kwa kila mota, skrubu za kufungia nyaya, volti 9 hadi 42. Kama una NEMA 23, mota kubwa zaidi, za kukata mbao, hapa ndipo pako. Kwa NEMA 17 ni kumchinjia sisimizi ng'ombe. Volti 3.3 za ESP32 haisikii vizuri kila wakati.

Nambari 5: DRV8825

Si mbaya, inabeba zaidi ya A4988 na inafika volti 45. Niliishusha kwa sababu moja: kiskurubu chake kiko upande wa pili, na watu wanaichomeka kichwa chini miguu juu wakifuata kiskurubu cha A4988. Fuata maandishi ya EN: pini ya EN ya draiva ikae kwenye tundu la EN la bodi.

L298N mwachie mwenye gari la kuchezea.

Pawa saplai usiibanie. Mota imeandikwa volti 2.8, mtu anaiogopa 24. Usiogope, draiva hizi (si ULN2003 wala L298N) zinakata mkondo zenyewe, na volti 24 zinafanya mota iende kasi bila kuruka hatua. Ya volti 24 ampea 5 inatosha NEMA 17 nne. Na usichomoe mota umeme ukiwa umewaka, hata sekunde moja. Draiva inakufa bila moshi.

Ukinunua mota za mtumba zilizotolewa kwenye printa, zijaribu palepale. Zungusha mhimili kwa vidole, kisha gusanisha nyaya mbili na uzungushe tena. Ukiona umekuwa mgumu, hizo mbili ni koili moja. Tafuta na jozi ya pili. Usipoipata, au mhimili ukisugua kama una mchanga ndani, mrudishie mwenyewe.