Ekstensheni ya kununua: angalia plagi kabla ya kuhesabu matundu

Wengi tukifika dukani swali la kwanza ni, "Ina matundu mangapi?" Mimi siku hizi naanza na plagi. Niliwahi kufungua ekstensheni iliyoyeyuka wakati napiga pasi. Ndani nyaya zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea, na pini ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, haikuungwa na kitu chochote.

Pini hiyo ndefu ndiyo roho ya plagi yetu ya pini tatu, iliyosanifiwa Uingereza miaka ya 1940. Huingia kwanza ili kifaa kipate ethi kabla umeme haujafika, na ikiingia husukuma vifuniko vinavyoziba matundu mengine mawili. Vimewekwa hapo kwa ajili ya mtoto mwenye msumari mkononi. Ukichokonoa tundu la ethi kwa kalamu upate kuchomeka chaja ya pini mbili, kinga hiyo umeiondoa mwenyewe.

Nikizipanga aina za ekstensheni kuanzia ninayoichagua kwanza, mpangilio wangu ni huu.

1. Ya pini tatu, yenye fyuzi na waya mnene. Soma maandishi kwenye waya: 3 x 1.25 mm², au 1.5. Hiyo 3 ni idadi ya nyaya ndani. Ukiona 2, ethi hakuna. Fyuzi ya ampea 13 kwenye volti 230 inabeba karibu wati 3,000, yawe matundu mawili au sita. Birika la wati 2,000 na pasi ya 1,200 kwa pamoja tayari vimezidi. Fyuzi imewekwa kuulinda waya: ikate yenyewe kabla waya haujachemka. Anayeiziba kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ameugeuza waya mzima kuwa fyuzi.

2. Yenye kinga ya umeme kupanda. Inafaa kwa runinga na kompyuta. Ndani kuna kisahani kinachomeza umeme uliozidi, nacho huchakaa kwa kila pigo. Taa ya kinga ikizimika, umebaki na ekstensheni ya kawaida. Friji inunulie fridge guard, ambayo umeme ukirudi husubiri dakika chache mpaka presha ndani ya kompresa itulie.

3. Ya kuzungusha kwenye gurudumu. Ni ya mafundi. Ukiwasha mashine kubwa, ikunjue yote, kwa sababu waya uliojikunja hauna pa kutolea joto.

4. Ya matundu yanayokubali kila plagi. Ndiyo inayouzwa sana, na mimi siinunui. Tundu la kupokea kila umbo mara nyingi halina kifuniko, na plagi ya duara ya Ulaya, ambayo ethi yake iko ubavuni, inaingia bila kugusa ethi yoyote.

Kabla hujalipa, chomeka plagi kwenye kila tundu na uichomoe. Likilegea hata moja, irudishe: pale panapolegea ndipo panapoanza kuungua.