Maranda ya bei poa na vifaranga wangu 200

Nimenunua maranda, yale mabaki ya mbao ya kutandika bandani, kwa muuzaji mmoja hapa Moshi mara tatu. Mara mbili za kwanza sina neno: makavu, mepesi, gunia limeshindiliwa, kijana wa guta anakushushia mpaka mlangoni. Ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Magunia 6, kila moja shilingi 2,500. Vifaranga chotara 200 walikuwa njiani kutoka Arusha, basi nikamwaga harakaharaka na kuwasha jiko la mkaa. Gunia la nne nilipolifungua, katikati palikuwa na fukuto kama ndizi zilizovundikwa, na harufu ya stoo iliyofungwa. Nikajiambia joto la bruda, chumba cha kulelea vifaranga, litayakausha.

Siku ya tano vifaranga wanatweta, midomo wazi, shingo juu. Kilichonichanganya ni ukimya. Mafua niliyoyazoea, ukitega sikio usiku unasikia wanakoroma, hawa kimya. Nikawapa OTC, antibayotiki ya kuku, siku tatu. Pesa ilipotea bure, maana kumbe ulikuwa ukungu, na antibayotiki haiui ukungu. Daktari wa mifugo alipasua watatu mbele yangu: mapafu yana vinundu vya manjano, vidogo kama punje za ulezi. Aspajilosisi, akasema. Ukungu wake, Aspergillus fumigatus, huota kwenye maranda na majani yenye unyevu, kifaranga akavuta vumbi lake. Kuku hamwambukizi mwenzake, ila wote wanavuta hewa ileile. Tiba ya maana hakuna. Walikufa 61.

Na mimi nilikohoa wiki nzima, kwa sababu nilianza kuyafagia makavu bila barakoa. Daktari alinigombeza: nyunyizia maji kidogo kwanza vumbi lisiruke, na mwenye pumu asiingie kabisa.

Nilimpigia muuzaji. "Mama, maranda yanaharibikaje, kwani ni maziwa?" Baadaye akakiri yalinyeshewa nje ya mashine ya mbao, akanipa magunia 2 bure. Magunia mawili kwa vifaranga 61!

Nampa nyota 2 kati ya 5, na moja ni ya kijana wa guta, ambaye hana kosa. Bado nanunua kwake, nisiwe mnafiki. Bei ile sijaipata kwingine. Ila sasa kila gunia nalifungua kabla sijalipa, nazamisha mkono hadi katikati, nachota na kuminya. Yakibaki donge, gunia linarudi na guta lililolileta.