Drili ya Betri: Tazama Betri Kwanza, Ndipo Uchague Chapa

Anayetafuta drili ya betri kwa kawaida huanza kwa kuuliza kama anunue Makita, Bosch, DeWalt au Milwaukee, na majibu anayopewa mara nyingi huwa ya kishabiki. Swali lenyewe ni zuri, ila uzito wake hauko pale ambapo wengi wanaudhania. Drili halisi za kampuni hizo nne, zikiwa za daraja moja, zote hutoboa mbao na chuma na kukaza skrubu kwa kiwango ambacho fundi wa kawaida hataona tofauti kubwa. Kinachozitenganisha ni betri. Betri ya Makita haiingii kwenye DeWalt, wala ya Bosch haiingii kwenye Milwaukee, na mtu akishamiliki betri mbili na chaja yake, msumeno, grainda na taa atakazohitaji baadaye atalazimika kuzitafuta za chapa ileile, la sivyo aanze upya kugharimia betri. Zipo adapta za plastiki zinazodai kuunganisha chapa tofauti, lakini sizipendekezi, kwa kuwa baadhi yake huacha betri iendelee kunyonywa hata inapokuwa imeshuka chini ya kiwango salama cha seli, yaani zile betri ndogo zilizopangwa ndani yake.

Hata ndani ya chapa moja inabidi kuwa macho. Bosch hutengeneza mashine za buluu kwa ajili ya mafundi na za kijani kwa ajili ya matumizi ya nyumbani. Zote mbili zina betri za volti 18, na bado betri ya kijani haiingii kwenye mashine ya buluu. Makita nao wana mfumo wa LXT wa volti 18, uliotoka mwaka 2005 na wenye zana nyingi mno, na pembeni yake wana mashine za bei nafuu za kundi la G, ambazo pia ni za volti 18 lakini betri zake hazibadilishani na za LXT. Mnunuzi anayeona rangi ileile na jina lilelile kwenye boksi hawezi kujua hayo mpaka aisome namba ya betri, nami naona si haki kwa kampuni kubwa kuwaachia wateja wake mtego wa namna hiyo. Kwa upande mwingine, Ryobi, chapa nyingine ya zana, wanastahili sifa kwa kuwa umbo la betri yao ya ONE+ ya volti 18 halijabadilika tangu 1996, na Bosch ya buluu ya volti 18 imehifadhi upatanifu wake tangu 2008, kiasi kwamba betri mpya huingia kwenye mashine ya zamani na kufanya kazi.

Kuhusu volti, watu wengi hudanganyika. Betri ya volti 18 ina seli tano zilizopangwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 3.6 katika matumizi ya kawaida na takriban volti 4 inapotoka kwenye chaja. Ukizidisha kwa tano unapata 18 au 20, na ndiyo maana DeWalt huandika 20V MAX Marekani na 18V Ulaya kwenye betri ambayo nguvu yake ni ileile. Tofauti hiyo ni ya maandishi tu na haina ubaya mkubwa. Ubaya upo kwenye drili zisizo na mtengenezaji anayejulikana, zinazobandikwa 48V, 88V au hata 128V, ilhali ukifungua betri yake unakuta seli tano zilezile, na pengine seli dhaifu kuliko za chapa ya kawaida. Mtu asiilipie namba hiyo hata senti moja.

Kipimo kinachofaa kusomwa ni ampia-saa (Ah), yaani kiasi cha chaji ambacho betri hubeba. Betri ya volti 18 na ampia-saa 2 huhifadhi wati-saa 36, na ya ampia-saa 5 huhifadhi wati-saa 90. Hiyo ya pili mara nyingi huwa na seli kumi badala ya tano, kwa hiyo hutoa umeme mwingi kwa wakati mmoja bila kuzidiwa, na drili ileile huonekana imeongezeka nguvu inapokutana na kazi nzito. Gharama yake ni uzito, jambo ambalo anayefanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa hulihisi upesi.

Baada ya betri, tazama nguvu ya kuzungusha, inayoandikwa kwa Nm, yaani nyutoni-mita. Watengenezaji hutoa namba mbili, moja ya kazi ngumu na nyingine ya kazi laini, kisha hutangaza kubwa peke yake. Makita DHP482, yenye mota ya brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenye mota na kulika polepole), imeandikiwa Nm 62, na DHP484 isiyo na brashi imeandikiwa Nm 54. Anayefuata namba hiyo tu ataichukua ya kwanza, ingawa ya pili haina brashi za kubadilisha zinapoisha, hutumia chaji kwa uangalifu zaidi na haipati joto kwa haraka. Mimi ningechukua DHP484. Milwaukee M18 FPD2 hufika Nm 135, na hiyo ni nguvu inayoweza kumtegua mtu kifundo cha mkono biti inapokwama ghafla, kwa hiyo ule mshikio wa pembeni unaokuja nayo ufungwe kabla ya kazi. Ni mashine ya fundi anayetoboa matundu mapana kwenye mbao nene kutwa nzima. Anayefunga rafu na bawaba haihitaji.

Kwa huyo wa rafu na bawaba, chaguo langu ni Bosch GSR 12V-15 ya buluu. Ina Nm 30, inaingia ndani ya kabati bila kugonga ukuta, na pete yake ya kurekebisha nguvu huachia kwa mlio mkavu pindi kichwa cha skrubu kinapolingana na uso wa ubao, badala ya kukizamisha. Haina mpigo wa nyundo, lakini hata drili zenye mpigo huo zinafaa tofali na plasta kuliko zege. Penye zege lenye nondo, nunua au azima mashine ya SDS, yaani drili ya nyundo iliyoundwa kwa ajili ya zege; kuikandamiza drili ya kawaida pale ni kuichosha mota na kuunguza biti.

Kwa fundi anayejenga seti ya zana hatua kwa hatua, ningempendekezea LXT ya Makita au volti 18 ya Bosch ya buluu, akiangalia kwanza ni ipi kati ya hizo ambayo betri na vipuri vyake halisi hupatikana karibu naye. Kabla ya kulipa, afunge biti ndefu iliyonyooka, aizungushe polepole na kuitazama ncha. Ikichora duara hewani badala ya kutulia mahali pamoja, taya za kubania biti hazijakaa sawa, naye aombe apewe nyingine.