Uzoefu wangu: nimehamisha betri kwenye buti, mara ya kwanza nusura gari iungue

Nina Toyota Corolla 110 natembea nayo matangazo hapa Kigoma, spika mbili za honi juu ya kerea, amplifaya kwenye buti. Natangaza chanjo, misiba, mechi za Uwanja wa Lake Tanganyika, mpaka mnada. Sasa kazi hii shida yake ni kwamba muda mwingi gari imesimama, unapaki pale Mwanga sokoni unazima injini unaongea nusu saa, ukitaka kuondoka stata inasema tik tik basi. Betri ndogo ya mbele ilikuwa haiwezi, nikaamua kununua N70, betri kubwa zaidi, na N70 kwenye sahani ya betri ya 110 haikai, ni ndefu. Ndo hapo wazo la buti lilipoanza, maana na amplifaya yenyewe iko huko huko nyuma.

Fundi wa kwanza simtaji. Alinifanyia kwa masaa mawili, bei ndogo, nikafurahi. Alivuta waya mmoja mwekundu kutoka kwenye buti, akaupitisha chini ya kapeti, akatoboa bati la mbele kwa drili akauchomeka mpaka kwenye stata. Ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) akafunga kwenye bolti ya mkanda wa siti ya nyuma juu ya rangi. Fyuzi hakuna. Mi nilimuuliza kabisa, kaka hapa hatuweki fyuzi? Akasema fyuzi za gari ziko mbele zinatosha. Nikakubali kwa sababu sikujua.

Wiki ya kwanza stata ilikuwa inazunguka kivivu, hasa asubuhi, nikadhani betri haijajaa. Wiki ya tatu natoka Mwandiga na matangazo, barabara ya vumbi ya ndani ndani kule, gari inaruka ruka, nikasikia harufu ya raba inaungua. Nikadhani breki. Nikaangalia chini nikaona moshi unatoka pembeni ya kapeti upande wa abiria. Nilizima injini, na moshi hauishi, unaongezeka, hapo ndo nikaelewa kuzima injini hakusaidii kitu maana umeme unatoka kwenye betri sio kwenye altaneta. Nikakimbia nyuma, spana namba kumi ilikuwa chini ya siti, nikafungua teminali ya hasi. Ile nati ilikuwa ya moto mpaka nikashika kwa shati. Kijana wangu wa spika alikuwa ndani ya gari muda wote huo, na mpaka leo nikikumbuka hilo silali vizuri.

Tulipofunua kapeti tukakuta waya umeiva, ganda limeyeyuka na kushikana na sakafu, na pale kwenye tundu la bati makali yamekata ganda mpaka shaba inaonekana. Hiyo ndo ilikuwa shoti. Raba ya kuzuia pale kwenye tundu ni kitu kidogo sana ukilinganisha na gari nzima.

Gari ilivutwa mpaka Kibirizi kwa mzee mmoja anayefunga umeme wa boti. Nikamsalimia shikamoo mzee, hakuuliza hata bei, alikaa chini akaukata ule waya uliokufa akaangalia nyuzi za ndani. Akasema mwanangu, huu ni wa milimita za mraba 16, huu unafungia taa sio stata. Akanieleza kwa hesabu: kutoka buti mpaka stata ni kama mita 5, stata ikivuta ampea 150 waya wa 16 unapoteza karibu volti 0.8 njiani, wa 50 unapoteza kama robo volti. Ndo maana stata ilikuwa mvivu, na ethi ya juu ya rangi ikaongezea ubaya.

Kazi yake ilichukua siku mbili. Alitumia waya wa shaba wa 50, ule laini wanaotumia wachomeleaji, akauvisha bomba la plastiki kutoka mwanzo mpaka mwisho, kila tundu lina raba. Fyuzi kubwa ya ampea 200 ameiweka kama sentimita 20 kutoka teminali ya chanya, huko huko kwenye buti, kwa sababu fyuzi inalinda waya, ukiiweka mbele karibu na stata waya wote wa katikati unabaki uchi. Ethi alikwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akafunga bolti, akapaka grisi juu isishike kutu, halafu akaongeza waya mwingine mnene kutoka injini kwenda bodi mbele. Betri amefunga na chuma upande wa kushoto kwa sababu dereva anakaa kulia, na imo ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko na mpira unaotoka nje chini ya gari, maana betri ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni na buti la 110 halijatenganishwa kabisa na kule wanakokaa watu. Nimekuja kujua kumbe hata BMW za 3 Series zile E46 zinatoka kiwandani betri iko kwenye buti na zina mpira huo huo. Mbele akaniachia sehemu ya kubustia (kuwashia gari kwa betri nyingine) chini ya boneti yenye kifuniko chekundu.

Alipomaliza tukapima kwa mita mbele ya macho yangu. Ncha moja kwenye chanya ya betri nyingine kwenye stata, kijana anapiga stata, mita ikasoma volti 0.3. Injini ikiwaka betri inapata volti 14.1. Ufundi nililipa laki moja na nusu, waya na vifaa mbali, ni zaidi ya mara tatu ya yule wa kwanza na ningelipa tena hata leo.

Sasa ni mwezi wa nane tangu mzee anifungie. Naongea saa nzima Ujiji injini imezimwa na gari inawaka kwa mguso mmoja. Huduma ya mzee naipa tano kwa tano. Kinachosumbua ni viwili tu: ule mpira wa gesi masika unaziba tope, inabidi kila nikiosha gari niuzibue kwa waya, na tairi ya spea imekosa nafasi, naiweka siti ya nyuma mpaka nipate mtu wa kunitengenezea kishikio juu ya kerea pamoja na spika.