Kipimo cha "inflamesheni bila sindano" Njiro, Arusha: uzoefu wangu baada ya kupima mara nne

Nimepima mara nne ndani ya wiki nane kwenye kituo kimoja cha mazoezi na lishe hapa Njiro, shilingi 25,000 kila mara. Jina silitaji, maana tatizo lenyewe ni la bango, na mabango ya aina hiyo hayaishii kituo kimoja. Bango linasema utaonyeshwa inflamesheni ya chinichini mwilini, yaani kinga ya mwili kuwaka kimyakimya kwa muda mrefu, bila kutolewa damu. Nyota tatu kati ya tano. Mashine ni nzuri na wanaopima hawana haraka, ila bango limeahidi kitu ambacho mashine haina uwezo nacho.

Kinachopimwa pale ni ukinzani wa mwili kwa umeme, basi. Unasimama peku juu ya mizani yenye elektrodi mbili kwa kila wayo, unashika vishikio vyenye elektrodi mbili kwa kila mkono. Unapitishwa mkondo mdogo sana, chini ya miliampia 1, wala huusikii. Maji yenye chumvi ndani ya misuli na damu yanaupitisha vizuri, mafuta yanaukinza. Mashine hii inatumia masafa (kasi ambayo mkondo hubadili mwelekeo) zaidi ya moja, na hapo ndipo inapozishinda mizani za dukani: mkondo wa kilohezi 5 hauvuki utando wa seli, unapita kwenye maji yaliyo nje ya seli tu, ila masafa yakipanda mkondo unapenya hadi ndani. Kwa kulinganisha hayo mawili inakadiria maji ya nje ya seli ni sehemu gani ya maji yote ya mwilini.

Uhusiano na inflamesheni upo, na si wa kubuni. Mwaka 1993 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba tishu ya mafuta ya wanyama wanene inatoa TNF-alfa, kemikali ya kinga inayochochea inflamesheni. Leo inajulikana kuwa mafuta yanayozunguka utumbo na ini huvamiwa na seli za kinga, yakatoa IL-6, kemikali nyingine ya kinga, na IL-6 ikifika kwenye ini, ini linatengeneza CRP, ile protini ya kwenye damu tunayoipima maabara kutafuta inflamesheni. Njia ya pili ni maji: inflamesheni ikidumu, mishipa midogo ya damu inavuja kidogo, maji ya nje ya seli yanaongezeka, na seli zenyewe zinapungua au utando wake unadhoofika. Lakini miguu iliyosimama sokoni kutwa nayo inajaa maji. Figo, moyo na ini vikisumbua, maji yanajaa vilevile. Mashine inaona maji. Haioni yameletwa na nani.

Kwenye karatasi wanayokupa kuna kisanduku cha rangi kilichoandikwa "hatari ya inflamesheni". Mara ya tatu nilimwomba dada anayepima aniongezee umri miaka 15 kwenye skrini, kisha tukarudia palepale, miguu na mikono mahali pake. Ukinzani ulikuwa omu 520, ukawa 521. Riaktansi, yaani kizuizi kinachotokana na utando wa seli, ilibaki 55. Mwili ulikuwa uleule, lakini kiwango cha mafuta ya tumboni kilipanda kutoka 8 hadi 10, na kisanduku kikageuka kutoka kijani kuwa njano. Kwa hiyo rangi ile kwa sehemu kubwa ni hesabu ya uzito pamoja na umri, jinsia na urefu vilivyoingizwa kwa mkono. Dada mwenyewe alishangaa, na alikuwa muungwana kuniruhusu.

Namba zenye maana ziko chini ya karatasi, kwa maandishi madogo. Kwanza uwiano wa maji ya nje ya seli kwa maji yote: mtu mzima mwenye afya kwa kawaida yuko kati ya 0.36 na 0.39. Pili pembe ya fezi, namba inayodokeza hali ya seli na utando wake, inayotokana na ukinzani na riaktansi kwenye kilohezi 50. Hii unaweza kuihakiki kwa kikokotoo cha simu: gawanya riaktansi kwa ukinzani, kisha bonyeza kinyume cha tan (tan⁻¹). Kwangu 55 kwa 520 inatoa digrii 6.0. Watu wazima wengi wenye afya huwa kati ya 5 na 7. Wanawake na wazee huwa chini kidogo. Pembe ikishuka mfululizo huku uwiano wa maji ukipanda, kwa vipimo vitatu vilivyochukuliwa katika hali moja, hapo pana sababu ya kwenda kutoa damu. Namba ya siku moja usiipe uzito.

Nasisitiza "hali moja" kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zinapotea. Kipimo changu cha nne kilikuwa asubuhi ya Julai, na anayeijua Arusha anajua Julai ikoje: baridi, ukungu, vigae vya sakafuni kama barafu. Ngozi ikiwa baridi ukinzani unapanda. Ulitoka 520 hadi 548, na mashine ikatafsiri kwamba maji yamepungua, kwa hiyo misuli imepungua, kwa hiyo mafuta yameongezeka karibu kilo 2. Kilo 2 za mafuta ndani ya wiki mbili, chakula kilekile! Ila riaktansi nayo ilipanda hadi 59, na pembe ikatoka 6.1. Ndiyo maana naiamini pembe kuliko asilimia ya mafuta: baridi ilisukuma namba zote mbili pamoja, uwiano ukabaki karibu palepale. Ukipima miezi ya baridi, kaa ndani umevaa soksi dakika 15 kwanza, sugua viganja mpaka vipate joto. Moshi mjini, kwenye mita 800 na ushei tu, shida hii ni ndogo. Kule joto na jasho ndivyo vinavyoharibu.

Mengine ya kujiandaa: usile saa tatu au nne kabla, usifanye mazoezi saa 12 kabla, usinywe pombe siku nzima kabla (na mbege ni pombe, tusidanganyane), nenda haja ndogo, simama wima kama dakika tano ili maji yatulie, vua bangili, cheni na sidiria yenye waya. Ukishuka Kilimanjaro, iwe kama mtalii au mpagazi, au ukimaliza mbio ndefu, subiri siku saba hadi kumi. Mlima unajaza watu maji usoni na miguuni, na misuli iliyochakaa inapandisha CRP bila ugonjwa wowote.

Nyayo hawazisemi pale, na ndizo zinazoharibu kuliko vyote. Magaga na ngozi ngumu vinazuia umeme, mafuta ya mgando vilevile, vumbi vilevile. Osha miguu, futa, kisha pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kupanda. Mikono isiguse mbavu. Mapaja yakigusana weka kanga kavu katikati, la sivyo umeme unakatiza njia ya mkato na ukinzani unashuka. Angalia pia mizani imewekwa juu ya nini: yao siku ya kwanza ilikuwa juu ya zulia la mpira la mazoezi, ikinesa. Waliihamishia kwenye kigae nilipowaambia, na hilo nawapongeza. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka tena waiache ijisome sifuri kabla hujapanda.

Sasa damu. Nilipima CRP mara mbili maabara, kwa tofauti ya wiki mbili, ili kuwa na cha kulinganisha. Omba CRP ya unyeti wa juu, yaani inayosoma hata kiasi kidogo. Kile cha kawaida cha kuchanganya tone kwenye kadi kinakuambia tu kama ipo au haipo, na huanza kuonyesha karibu miligramu 6 kwa lita. Inflamesheni ya chinichini inaishi chini ya hapo, kwa hiyo jibu la "hakuna" halikusaidii. Kwa upande wa hatari ya moyo, chini ya 1 ni ya chini, 1 hadi 3 ni ya wastani, zaidi ya 3 ni ya juu. Ikizidi 10, tafuta malaria, jino, kidonda au kifua kwanza, tibu, kisha rudia baada ya wiki mbili. Yangu ilikuwa 1.4 na 1.7, yaani wastani, siku ambazo kisanduku cha mashine kilikuwa kijani. Mtu mmoja hathibitishi kitu, najua, lakini kijani kile kisikulaze usingizi.

Kwa mafuta ya tumbo, tepu ya fundi cherehani inakaribia kukupa habari ileile. Ipime kwanza na rula, maana za kitambaa zinavutika. Tafuta ncha ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya nyonga, pitisha tepu katikati yake juu ya ngozi, toa pumzi kawaida, soma. Mpaka unaotumika kwetu ni sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, au kwa wote: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Soma mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya sentimita 1, rudia.

Mwenye kifaa cha umeme cha moyo kilichopandikizwa asipande kabisa, na mjamzito aache. Pale waliniuliza yote mawili kabla ya kuwasha, alama nzuri kwao.

Je, ningerudi? Ndiyo, kila baada ya miezi miwili au mitatu, asubuhi, kwa ajili ya pembe na uwiano wa maji. Vipimo vya kila wiki wanavyouza kwa kifurushi, hapana. Mabadiliko ya wiki moja yanamezwa na chumvi ya chakula cha jana. Ukienda, sema mapema unataka karatasi yenye ukinzani na riaktansi, kwa sababu ile ya kawaida wanayochapa haina, inabidi wabadilishe kwenye mipangilio. Na ipige picha hapohapo. Karatasi ni ile ya risiti: yangu ya kwanza, niliyoiacha kwenye dashibodi ya gari, sasa ni nyeupe tupu.